Kodi ya Kaburi la Eustadia

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe nane Machi, mwaka elfu moja mia tisa themanini na tatu, jioni, Gaudiosus akiwa jikoni anamenya ndizi. Mke wake Eustadia, ambaye alikuwa na mwaka wa pili tangu afe na kuzikwa Ujerumani, aliingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida yake, akamfukuza kuku juu ya kinu, akaketi kwenye kigoda na kusema kwamba mwenye makaburi anadai kodi.

"Kodi ya nini?" Gaudiosus akauliza huku anaendelea kumenya.

"Ya pale ninapolala. Huko kaburi si lako, Baba Deodatha. Unapangishwa tu. Muda ukiisha hujalipa, wanakufukua wanampangisha mwingine."

Gaudiosus akaweka kisu chini. Katika kibanja chake hapo Nyaishozi, Karagwe, shamba la kuzunguka nyumba, alikuwa amewazika baba yake, mama yake na ndugu zake wawili, katikati ya migomba, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kudaiwa kitu. Hata serikali, ambayo ilikuwa inatoza kila kitu kuanzia baiskeli mpaka pombe, ilikuwa bado haijawafikia wafu.

"Na siku zote hizi alikuwa analipa nani?"

"Yule bibi wa parokia yao. Amekufa juzi. Wamemlaza jirani yangu, na kaburi lake limelipiwa miaka ishirini. Ameniomba radhi sana, ila hela hana tena."

"Wamekupa mpaka lini?"

"Mpaka Siku ya Marehemu. Ikipita hiyo wanakuja na makoleo." Akakung'uta vumbi la njia miguuni. "Wakinifukua sitakuwa na pa kutokea. Sitakuja tena."

Eustadia alikuwa na ugonjwa wa moyo. Sista wa hospitali ya misheni alimtafutia nafasi ya kupasuliwa huko kwao, akampeleka, na akafia mezani. Gaudiosus aliuza ng'ombe wawili ili mwili urudi nyumbani. Akaambiwa shilingi zake hazina kazi huko, mwili unarudi kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zinahitaji kibali kutoka Dar es Salaam. Kibali kilikuwa njiani. Mpaka leo kiko njiani. Basi wakamzika huko huko, kwa sadaka ya waumini, na wiki chache baadaye akaja kwa miguu. Alisema ukishakuwa mfu njia si ndefu, na hakuna anayekudai nauli wala pasi. Balozi wa nyumba kumi alikuja kumpa pole ya safari, akauliza kama huko nako sabuni ni ya foleni, na tangu hapo watu walimzoea. Alikuwa anakuja jua likizama, mbuzi wakishafungwa, na kuondoka chungu kikishaipuliwa. Hakuwa anakula. Alikagua migomba, akalalamika kwamba mibuni haijapogolewa, akauliza habari za binti yao Deodatha aliyeolewa Bweranyange. Alivaa gauni la hospitali na sweta la sufu alilovikwa na masista. Miezi ya baridi ya huko alifika na theluji mabegani, na mbuzi walikuwa wanaigombania kuilamba.

Gaudiosus hakutaka kuishi bila hizo jioni. Kesho yake alfajiri alipanda basi la Bukoba.

Benki alimwamkia karani yeye kwanza, ingawa karani alikuwa rika la mwanawe, kwa sababu ofisini umri unahesabiwa kwa upande wa dirisha uliosimama.

"Fedha za kigeni za nini, mzee?"

"Kodi ya mke wangu. Yuko Ujerumani."

"Anafanya nini huko?"

"Amelala."

"Mgonjwa?"

"Hapana. Ugonjwa ulikwisha. Amekufa."

Karani akapiga miayo. "Fedha za kigeni ni za dawa, mafuta na vipuri. Wafu hawamo kwenye mgawo."

"Angekuwa hai?"

"Angekuwa hai angekuwa na kibali. Anacho?"

Wakati huo aliingia mkubwa mmoja mwenye suti ya Kaunda. Watu wakampisha. Alikuwa anasafiri kwenda ng'ambo kwenye mkutano wa bei ya kahawa. Alipewa maki za Kijerumani, akazihesabu kwa kulamba kidole, akaziweka mfuko wa ndani, na karani akamsindikiza mpaka mlangoni.

"Samahani, baba," Gaudiosus akasema karani aliporudi. "Zile alizopewa yule zimetoka wapi?"

"Mauzo ya kahawa ya nje."

"Kahawa ya nani?"

"Ya taifa, mzee. Anayefuata!"

Gaudiosus alilala stendi, akarudi. Hakusema kwamba ameshindwa. Alisema dirisha hilo limefungwa, atatafuta lingine.

Dirisha lingine lilikuwa Murongo, mpakani, kwa mtu anaitwa Fidele, aliyekuwa anavusha redio, vitenge na sukari kwenye mto Kagera na kurudi na pesa za nchi yoyote unayoitaja. Fidele alimkaribisha vizuri, akampa rubisi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu.

"Maki zipo," Fidele akasema. "Katika kila shilingi tatu unazonipa, moja ni yangu, moja ni ya askari wa huku na wa kule, moja ndiyo inakwenda kwa mama."

"Mimi ninayezitoa sina hata moja?"

"Wewe una mke Ulaya, mzee wangu! Sisi wengine tuna wake wa hapo jirani Kaisho tu, na hao hao wanatushinda."

Gaudiosus alipiga hesabu akaona akiuza mbuzi wote na mabati ya nyumba atafika nusu. Akasema atarudi. Kabla hajarudi, serikali ilianza kuwasaka wahujumu uchumi nchi nzima. Fidele alisukumia redio zake zote mtoni usiku mmoja, akavuka, hakuonekana tena. Kwa wiki nzima waliokwenda kuteka maji walisikia taarifa ya habari ikitoka chini ya mto, ikisema hali ya uchumi inaendelea vizuri.

Ndipo Gaudiosus alipojaribu njia ya mkato. Alifunga noti kwenye pindo la kanga ambayo Eustadia aliiacha nyumbani, akamwambia azipeleke mwenyewe, kwa kuwa anakwenda huko kila siku na halipi nauli. Eustadia akazipeleka. Mlinzi wa makaburi ya huko, mzee mfupi ambaye naye alifiwa na mke, aliyekuwa anamwona akitoka kila jioni na hakuwahi kumwambia neno zaidi ya kumkumbusha kufunga geti, alizigeuza noti huku na huku kwenye mwanga.

"Amesema picha ni nzuri," Eustadia akaeleza, akazirudisha. "Lakini haziingii popote."

"Mmeelewana kwa lugha gani?"

"Wafu hatusumbuliwi na lugha."

Ikafika Juni. Jioni moja alikuwapo jirani yao Mukamusoni, mjane ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, mwanamke wa maneno makali na mkono mwepesi. Eustadia aliinuka kuondoka. Mukamusoni akamtazama mikono.

"We Gaudiosi, huyu unamtoa hivi hivi? Mikono mitupu, kama mtu aliyefumaniwa?"

"Ni mwenye nyumba huyu," Gaudiosus akajibu. "Mwenye nyumba hapewi kahawa."

"Mwenye nyumba analala humu? Anayekuja na kuondoka ni mgeni. Mpe kahawa."

Pande zile mgeni haondoki bila kahawa ya kutafuna, ile inayochumwa mbichi, ikachemshwa na majani ya harufu, ikakaushwa. Anaiweka mdomoni moja mbili, nyingine anakwenda nayo. Na anayeigawa ni mama wa nyumba. Eustadia alikuwa ameigawa katika nyumba ile miaka yote ya ndoa yake, na tangu afe alikuwa anakataa kuipokea, kwa sababu kuipokea ni kukubali kwamba amehama. Siku hiyo alisimama kitambo mlangoni. Gaudiosus alifungia kahawa kwenye jani la mgomba na kumnyooshea bila kumwangalia. Akaipokea. Akaondoka bila kuaga.

Kesho yake alirudi mapema kuliko siku zote.

"Yule mlinzi amesikia harufu ya lile jani," akasema. "Ameuliza kama kuna nyingine isiyochemshwa. Anasema yeye na mwenye makaburi wanakunywa kahawa tangu asubuhi mpaka jioni, na wanainunua dukani kwa bei ya kuumiza. Debe moja la kahawa ya maganda, likikobolewa vizuri, linalipa kodi yangu ya mwaka mzima. Na maua juu."

"Debe moja?"

"Moja."

Gaudiosus akapiga hesabu. Msimu uliopita, kwenye ghala la kununulia kahawa, debe moja la maganda lilikuwa limempatia mche wa sabuni na chupa ya mafuta ya taa, na hiyo ni baada ya kungoja malipo mpaka Pasaka. Alichukua ndizi akaimenya, akaendelea kuimenya hata ganda lilipokwisha, mpaka mkononi hakikubaki kitu.

Tangu siku hiyo alitwanga maganda kwenye kinu kila alasiri, akapepeta, akatia kwenye kikapu kidogo. Kufa hakukuwa kumemwongezea Eustadia nguvu. Alibeba kile tu alichoweza kubeba miezi yake ya mwisho, na njiani alipumzika. Lakini hakukuwa na foleni wala karani wa kumpunja mtu robo kwenye mizani. Mukamusoni naye akaleta zake. Mwanawe Celestin alikuwa anasoma seminari Ubelgiji, na alikuwa ameandika kwamba viatu vimekwisha.

"Ubelgiji na pale ninapolala ni pua na mdomo," Eustadia akamwambia. "Nitapita."

Celestin akapata viatu. Habari zikaenea mpaka Ihembe. Watu wenye watoto, wajomba, wadeni na mapadri ng'ambo walianza kufika jioni na vifurushi vyao, wakaketi uani wakingoja. Eustadia hakudai malipo. Alimwambia kila anayeleta mzigo aje na bunda la nyasi za kutandaza kwenye mibuni. Kibanja cha Gaudiosus hakijawahi kupendeza kama mwaka ule.

Tatizo ni kwamba ghala lilianza kupwaya, na mkuu wa ghala, Bwana Rweyemamu, alikuwa na lengo la magunia ambalo wakubwa walimpangia kwa kuangalia dari. Mwisho wa Agosti alikuja jioni na mgambo mmoja wa Ihembe mwenye rungu. Alipewa kiti, akapewa kahawa ya kutafuna, akaitafuna. Eustadia akatokea nyuma ya nyumba na kikapu kichwani.

"Shikamoo, mama," Rweyemamu akasema, akainuka.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako mgongo haujamwachia?"

"Unamwachia na kumrudia. Hiyo kikapuni ni nini?"

"Kahawa."

"Inakwenda wapi?"

"Kwa mwenye nyumba wangu."

"Mama, kahawa ya nchi hii haivuki mpaka bila kibali. Hayo ni magendo. Angekuwa mwingine ningeshamfunga."

"Nifunge basi, baba. Mahabusu ya wafu iko wapi, niitangulie?"

Mgambo akacheka, halafu akakumbuka kazi yake akashika rungu vizuri.

"Wafu hawafungwi," Rweyemamu akasema kwa upole, na akamgeukia Gaudiosus. "Anafungwa mume."

Wiki iliyofuata uliitishwa mkutano ghalani, na ofisa akaja na Land Rover kutoka wilayani. Hakuna aliyeuliza inakuwaje mwanamke aliyekufa anatembea kutoka Ujerumani mpaka Nyaishozi na kurudi. Waliuliza kama anapita forodhani. Walijadili mpaka watu wakasikia njaa. Kisha ofisa akasimama akasema serikali imefurahishwa na moyo wa kujituma wa mama huyu, ambaye hata baada ya kufa ameendelea kuwa mwananchi. Kwa hiyo, kuanzia leo, atabeba kahawa ya ofisi. Maki zote atazikabidhi ofisini. Mume wake atalipwa kwa shilingi, kwa bei iliyopangwa. Na mama akihitaji fedha za kigeni kwa ajili ya kodi yake, utaratibu upo, aombe benki.

"Benki wamesema wafu hawamo kwenye mgawo," Gaudiosus akasema.

"Hilo litaangaliwa."

"Lini? Siku ya Marehemu ni mwezi wa kumi na moja!"

"Mzee, tuliwaambia mfunge mkanda."

"Mlituambia miezi kumi na minane, vita ilipokwisha," Mukamusoni akadakia kutoka nyuma. "Mkanda umekwisha matundu! Tutoboe wapi sasa, mgongoni?"

Watu wakacheka. Ofisa akafunga mkutano.

Kesho yake jioni Eustadia alikuta magunia ya ofisi yamepangwa mlango wa nyuma. Aliyatazama, akasema moyo wake hauruhusiwi mizigo, ndio uliomuua, na kama ofisi haiamini iende ikamuulize daktari aliyempasua. Ofisi haikuwa na fedha za kigeni za kumuulizia daktari. Magunia yakarudi ghalani. Mgambo wa Ihembe akawekwa kwenye njia ya kibanja kuhakikisha hakuna hata punje inayotoka.

Septemba ikaisha hivyo. Kodi ilikuwa imefika nusu tu, kwa kuwa mizigo ya watu ilikuwa imechukua nafasi kikapuni. Gaudiosus alikuwa na kahawa imejaa chumba cha mbuzi, nyingine bado iko mtini, na hakuna njia. Jioni alikuwa anakaa na mke wake wakihesabu siku. Mara moja Eustadia alimwambia, "Usijisumbue sana. Miaka miwili niliyoipata si midogo." Gaudiosus akamwambia anyamaze. Alikuwa anafikiri.

Asubuhi alikwenda ghalani.

"Nimekuja kuuliza sheria tu," akamwambia Rweyemamu. "Kahawa ya mgeni nayo ina kibali?"

Rweyemamu akainua kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa ametafuna ya nyumba ile, na nyingine alikuwa nayo mfukoni saa hiyo hiyo. Mama yake mwenye mgongo alikuwa hampi mtu ruhusa ya kuondoka bila hiyo. Akipiga marufuku kahawa ya mgeni Karagwe, hakuna mlango atakaofunguliwa, wala wa kwake.

"Ya mgeni, ruksa," akasema mwisho. "Kiganja kimoja. Na awe mgeni kweli, Mzee Gaudiosi. Siyo anaingia kwa nyuma anafukuza kuku."

Gaudiosus alimfikishia mkewe maneno hayo yote bila kupunguza. Eustadia aliuangalia moto mpaka chungu kikaungua. Siku ya pili yake akaja kwa njia ya mbele, akasimama nje, akasema, "Hodi."

"Karibu," Gaudiosus akajibu.

Akaketi sebuleni kwenye kiti cha wageni, miguu pamoja. Hakugusa chungu. Hakwenda kuangalia mibuni. Aliuliza habari za nyumbani kama mtu asiyezijua, na alipoinuka akapewa kahawa kiganja kimoja, isiyochemshwa, mgambo akaitazama, akamruhusu. Njiani Mukamusoni alikuwa amesimama mlangoni kwake. "Mgeni! Unapita hivyo bila kusalimia?" Akaingia, akaketi, akapewa kiganja kingine. Nyumba iliyofuata wakamwita pia. Mgambo alimfuata nyumba kwa nyumba mpaka rungu likawa mzigo, na kila nyumba alikopita naye alikuwa mgeni, akapewa yake. Kabla Oktoba haijaisha mgambo naye alikuwa anampa Eustadia zake ampelekee dada yake aliyekuwa Italia.

Siku ya Marehemu ilipita, siku ya senene, panzi wa kuliwa wanaofuata mwanga, watu wote wako nje na taa. Eustadia hakuja jioni hiyo. Gaudiosus alikaa mlangoni na bakuli la kahawa, watu wakampita na senene zao, wakamsalimu, akaitika. Kesho yake jua lilipozama alisikia hodi. Mke wake alikuwa na nta ya mishumaa kwenye mkono wa sweta. Alisema kodi imekamilika, wamepewa mwaka mwingine, na maua yamewekwa, ya njano.

"Mlinzi anakusalimu," akaongeza akiwa ameketi kwenye kiti chake cha wageni. "Kuna jambo anauliza. Nimeshindwa kumjibu."

Akalisema. Gaudiosus naye akashindwa.

Kwa hiyo Gaudiosus alilipeleka mkutanoni ghalani. Rweyemamu akasema ni swali zuri, litapelekwa juu. Mwaka uliofuata mamlaka ya kahawa iliyokuwa na ghala ilivunjwa, ushirika wa wakulima ukarudi, kibao cha ghala kikapakwa rangi mpya, na Gaudiosus akasimama tena akauliza, akaambiwa ni swali zuri. Miaka ikapita. Ofisa wa wilaya akasema ni la mkoa. Wa mkoa akasema ni la wizara, na wa wizara alikuwa safarini ng'ambo, kwenye mkutano wa bei. Ikafika miaka ya tisini, wakatangaza soko huria, na maki zikauzwa madukani Bukoba kwa yeyote mwenye shilingi za kutosha. Bei ya debe ikabaki mche wa sabuni. Eustadia anapiga hodi kila jioni, anakaribishwa, anapewa kiganja chake. Mgambo wa Ihembe alikwisha kustaafu, bado anakuja kusimama njiani kwa mazoea.

Gaudiosus sasa anatembea na fimbo. Mkutano wa mwaka ukifika kwenye mengineyo, anainuka kabla hajaitwa, na mwenyekiti anatazama saa. Anaeleza kwamba si swali lake, ni la mlinzi mmoja wa makaburi, mfiwa mwenzake, mtu anayenunua kahawa dukani kwa hela yake mwenyewe na hana nia mbaya na mtu. Mlinzi huyo anataka kujua hivi tu: mtu ambaye shamba lake linatoa kahawa ya bei ile, ilikuwaje mke wake akazikwa kwa sadaka?